Viza ya kazi nje ya nchi: mimi ni mpishi wa kampu, njia ya kweli ni ipi hapa?

Mpishi_Njiro

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada wa mawazo kwa wenye uzoefu maana hapa mjini kila ninayemuuliza ana jibu lake na wote wanaongea kwa kujiamini. Mimi nina miaka 27, mpishi, nimesoma chuo cha VETA cha hoteli na utalii hapa Njiro nikatoka na Level III, na tangu 2019 nazunguka makampu ya watalii, nilianzia Tarangire sasa hivi nipo Serengeti kaskazini. Kazi naipenda na tipu za msimu wa nyumbu sio haba, ila mnajua wenyewe ikifika Aprili mvua zikishika kampu inafungwa, tunarudi mjini kukaa, mshahara nusu au hakuna kabisa, unaishi kwa kukopa mpaka Juni. Sasa nina mtoto mmoja na wa pili yuko njiani so nimeamua nitafute nje.

Mpaka sasa nina njia nne mezani. Kuna ajenti ana ofisi ghorofani karibu na Mnara wa Saa, anasema ana nafasi za wapishi Canada, hakuna IELTS (mtihani wa Kiingereza) hakuna intavyu, jumla 4.5M, natanguliza 2M anaanza kushughulikia. Halafu kuna mzee mmoja Mholanzi alikuja kampu na mkewe tukazoeana sana, ameahidi kunitumia barua ya mwaliko niende Uholanzi nitafute kazi nikiwa huko huko. Binamu yangu naye yuko Dubai ananiambia njoo na viza ya matembezi, kazi za jikoni zimejaa, bosi atakubadilishia. Na nimesoma mahali kwamba Ujerumani wana kadi fulani ya kutafutia kazi, hiyo sijaielewa hata kidogo.

Akiba yangu ni 6M. Mzee nyumbani Machame amesema akiona nipo siriasi anaweza kuuza ng'ombe akaongezea. Sitaki kuchezea hiyo hela. Nielewesheni hizi viza zinatofautianaje na mtu kama mimi anaanzia wapi.

Arif_wa_Kijenge

4.5M bila intavyu? Mwanangu nunua bodaboda, angalau ukiibiwa utajua umeibiwa nini.

Dada_Makaratasi

Kaka Mpishi pole na hongera kwa kuuliza kabla hujatoa hela, wengi wanakuja kuuliza baada. Mimi nasaidia watu kujaza fomu na kupanga nyaraka za safari, sitafutii mtu kazi so sina cha kukuuzia hapa.

Kitu cha kwanza uondoe kichwani ni kwamba kuna viza ya kazi imekaa mahali inauzwa na ukiwa na hela unainunua. Karibu nchi zote viza ya kazi inazaliwa na kitu kingine, ama mwajiri ambaye tayari ameomba ruhusa kwa serikali yake akuajiri wewe kwa jina lako, ama cheti chako na uzoefu wako uliokubaliwa na nchi ile. Kama hakuna kimojawapo basi unachouziwa ni viza ya matembezi imevalishwa koti, au hewa tupu. Sasa pima njia zako zote kwa hicho kipimo, uliza tu huyu mtu mwenye haki ya kuniombea ni nani na ameomba wapi.

Canada. Mwajiri wa kule akitaka mpishi kutoka nje, kwa kawaida anaomba kibali kinaitwa LMIA kuonyesha kwamba amekosa mtu wa pale pale. Ada yake ni dola 1,000 za Canada kwa kila nafasi na ANALIPA MWAJIRI, sheria inamkataza kumrudishia mfanyakazi mzigo huo. Wewe baada ya kupata ofa na namba ya LMIA unaomba kibali cha kazi mwenyewe mtandaoni, ada dola 155 na alama za vidole dola 85, za Canada hizo. Piga hesabu uone kama inafika hata nusu milioni. So hiyo 4M inayobaki ni ya nini? Muulize utuletee jibu.

Kuna njia nyingine ya Canada, Express Entry, ipo tangu 2015, hiyo haitaki ajenti wala lazima uwe na ofa, unajisajili mwenyewe unapewa pointi kwa umri, elimu, lugha na uzoefu. Ila bila mtihani wa lugha hauingii hata kwenye mfumo. Ndio maana mtu akikuambia Canada hakuna IELTS mimi nainua nyusi.

Barua ya mwaliko ya babu wa Uholanzi: hiyo inasaidia viza ya Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) ya muda mfupi, siku 90 ndani ya siku 180, ada euro 90 na wakikunyima hairudi. Kazi hairuhusiwi. Na usidanganyike kwamba ukifika utaibadilisha, karibu kila mara wanakuambia rudi kwenu ukaombe upya ubalozini. Ukizidisha siku unaandikwa kwenye mfumo wao mmoja unaosomwa na nchi zote za Schengen, hapo umejifungia na Ujerumani na Ufaransa na kila mahali kwa miaka. Na yule mzee aliyekuandikia barua na kukudhamini naye unamuachia kesi.

Dubai na Ujerumani nawaachia wanaozijua kwa kuishi.

Mpishi_Njiro

Asante sana dada. Nimempigia, anasema hiyo hela ni ya "konekisheni" na kwamba barua ya ofa ameshaipata. Amenitumia picha WhatsApp, naandika yaliyomo: ina bendera ya Canada juu, jina la hoteli, nafasi ya "Cook", mshahara dola 5,800 kwa mwezi, chakula malazi na tiketi bure, saa 6 kwa siku, jina langu limeandikwa sawa kabisa ila namba ya pasipoti wameweka. Mimi pasipoti sina.

Arif_wa_Kijenge

😂😂😂 wamekupa na pasipoti humo humo, huduma nzuri

Dada_Makaratasi

Haya kaka, hapo namba ya pasipoti tu imemaliza mjadala lakini tuendelee ili na wengine wanaosoma wajifunze kuisoma karatasi. Angalia jina la hoteli juu na jina la hoteli kwenye sahihi chini kama yameandikwa sawa herufi kwa herufi. Angalia imeili imetoka wapi, hoteli kubwa haitumii anwani ya bure kama ya mimi na wewe. Angalia kama kuna namba ya LMIA, mji na mkoa wa Canada, maana kule kibali kinataja eneo la kazi. Halafu mshahara: mpishi wa kawaida kule analipwa kwa saa, barua ya kweli itakuandikia dola ngapi kwa saa na saa ngapi kwa wiki, haitakuandikia kitita kizuri cha mwezi na saa sita kwa siku kama mkurugenzi. Ukishaona hayo tafuta namba ya hoteli kwenye tovuti yao wenyewe, usitumie namba iliyo kwenye barua, uwapigie au uwaandikie uulize kama wanakujua.

Na hapa nyumbani, wakala wa kupeleka watu kazi nje lazima awe na leseni upande wa serikali inayoshughulika na kazi. Kuna wakala wa serikali wa huduma za ajira, TaESA, uliza pale kama ofisi hiyo inajulikana. Leseni ya biashara ya kuuza tiketi au ya utalii iliyotundikwa ukutani SIO hiyo, watu wengi wanaona fremu ya kioo na muhuri wanatulia.

Mpishi_Njiro

Jina la juu na la chini yanatofautiana kweli, la chini limezidi neno moja. Imeili ni ya bure. Nimemaliza na huyu mtu.

Meku_wa_Doha

Kijana mimi nimekaa Doha, Qatar, miaka kadhaa nikapita na Dubai kabla ya kurudi Moshi, nilianza kuosha vyombo nikaishia jikoni kwenye mboga na supu so hiyo ya Ghuba niachie. Binamu yako hakudanganyi kwamba kazi zipo, anachokudanganya au asichokijua ni hiyo sehemu ya njoo na viza ya matembezi, maana sheria ya Emirates, nchi yenye hiyo Dubai, inakataza kumfanyisha mtu kazi kwa viza ya matembezi, na kinachofanyika pale ni kwamba bosi anakuambia fanya majaribio kwanza, unapika wiki mbili unapika mwezi, viza inaelekea kuisha anakuambia kesho kesho, siku ikiisha wewe unaanza kudaiwa faini ya kila siku na yeye anachukua mwingine aliyeshuka juzi. Nimeona watu wazima wanalala wanane chumba kimoja Deira, mtaa wa Dubai, wanachangia unga, wote "wanasubiri kubadilishiwa viza". Wapo wanaofanikiwa sikatai, ila wewe una mke mjamzito na 6M za kuhesabu, hiyo kamari waachie vijana wasio na kitu.

Njia yenyewe ni hii, bosi akiwa kule akutake wewe ukiwa huku. Kwa Emirates unatumiwa ofa iliyopita kwenye wizara yao ya kazi, unaisaini kabla hujasafiri, ndio kibali cha kuingia kinatoka, ukifika unapimwa afya unapewa kitambulisho na viza ya ukaazi. Gharama za kibali na kukuajiri sheria yao inasema ni za mwajiri. Soma mshahara wa MSINGI, sio jumla, maana wanajaza posho juu halafu kiinua mgongo kinakokotolewa kwenye msingi. Ile karatasi uliyosaini huku uwe na nakala kwenye simu na nyingine kwa mkeo, ukifika wakikuletea mkataba mwingine wa hela ndogo una cha kuonyesha.

Qatar toka Machi 2021 wana kima cha chini kwa kila mfanyakazi, riyali 1,000 za msingi, na kama hawakupi malazi waongeze 500, chakula 300. Riyali 1,000 kwa hela yetu inacheza kwenye laki sita na ushee mpaka saba. Sasa jiulize mwenyewe, wewe kampuni ya utalii inakulipa ngapi ukijumlisha na tipu? Wapishi wa makampu wanaojua kazi huku sio wa laki saba. Ukienda kule kwa kima cha chini umeenda kupunguza mshahara na kuongeza joto. Ila ukiingia kama mpishi kamili kwenye hoteli kubwa yenye nyota, sio mgahawa wa mtaani, hapo inalipa kwa sababu malazi, chakula na usafiri ni wao na hela yote unatuma nyumbani. So ukiomba omba moja kwa moja kwenye kurasa za ajira za hoteli zenyewe, zile za minyororo ya kimataifa ambazo zina hoteli mpaka hapa Tanzania, na uzoefu wako wa kampu uuandike kwa lugha yao, umepikia wageni wangapi kwa siku, mkate unaoka mwenyewe porini bila umeme wa uhakika, wasiokula ngano, wasiokula nyama, mambo hayo wanayapenda.

La mwisho, pasipoti yako ni yako. Bosi kuishikilia ni kosa kisheria Qatar na Emirates pia, hata kama wote wanafanya.

Sanawari_Guide

Kaka nikusalimie, sisi tunajuana porini huenda umenipikia 😄 Mimi ni mwongoza watalii naongea Kijerumani na mdogo wangu wa kike yupo Bavaria, Ujerumani, anasoma na kufanya kazi hotelini, so hii ya kadi nimeichimba sana.

Inaitwa Chancenkarte, ilianza Juni 2024. Inakupa mwaka mmoja uwe Ujerumani unatafuta kazi, na wakati unatafuta unaruhusiwa kufanya kazi mpaka saa 20 kwa wiki. Masharti ya mlangoni ni mawili, uwe na mafunzo ya ufundi ya angalau miaka miwili au digrii inayotambulika na serikali ya kwenu, na lugha, Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2 (ngazi za lugha zinapanda A1, A2, B1, B2). Ukishavuka hapo unatafuta pointi 6.

Tukupigie hesabu wewe. Umri chini ya 35, pointi 2. Uzoefu wa miaka mitano ndani ya saba iliyopita kwenye fani uliyosomea, pointi 3, una hiyo toka 2019 kama barua za waajiri wako wote zipo, na ninasema ZOTE, sio ya kampuni ya sasa tu. Tupo 5. Kijerumani ukifika A2 unapata 1, zimetimia 6. Ukifika B1 zinakuwa 2, una ya akiba. So kwenye karatasi wewe unapita kabisa, watu wenye digrii hapa mjini hawafikishi. Hakikisha tu kwamba muda wako wa VETA ulifika miaka miwili na cheti na matokeo vinaonyesha hivyo, maana kuna karatasi inatoka kwa ofisi ya Ujerumani inayolinganisha vyeti vya nje, wao ndio wanasema mafunzo yako yanahesabika au la.

Sasa jiwe lenyewe hili hapa. Lazima uonyeshe hela ya kuishi huo mwaka. Kwa 2025 ilikuwa euro 1,091 kwa mwezi, zidisha kwa 12 ni 13,092, zaidi ya milioni 35 zetu, inakaa kwenye akaunti maalum unachomolewa kidogo kidogo kila mwezi. Unaweza kupunguza kwa kuonyesha mkataba wa kazi ya muda uliopata kabla, au mtu wa kule akakudhamini rasmi kwa sahihi kwenye ofisi ya wageni ya mji wake, ila ng'ombe wa mzee hata wakiwa wanono hawafiki huko.

Ndio maana mimi sikushauri kadi. Nakushauri njia aliyopita mdogo wangu, Ausbildung. Ni kama VETA yao, unasaini mkataba na hoteli au mgahawa, siku kadhaa jikoni siku kadhaa shuleni, ya upishi ni miaka mitatu, na UNALIPWA kuanzia mwezi wa kwanza. Kima cha chini kisheria kwa walioanza 2025 ni euro 682 kwa mwezi mwaka wa kwanza halafu kinapanda kila mwaka, hoteli nyingi zinalipa zaidi ya hapo kwa sababu vijana wao hawataki kazi za jikoni, usiku na wikendi. Hela ya mshahara ndio inahesabika kama hela ya kuishi, ikipungua unajazia tofauti tu, sio milioni 35. Ukimaliza una cheti chao, unabaki unafanya kazi kama fundi kamili.

Najua utasema mimi ni mpishi tayari nirudi shule ya nini. Huyo mdogo wangu alikuwa mapokezi lodji ya maana kabisa na alinuna hivyo hivyo. Ila huo ndio mlango uliofunguka kwa hela aliyokuwa nayo.

Lugha: B1. Hapo hakuna mkato. Arusha walimu wa Kijerumani wapo kwa sababu ya utalii, mtihani unaenda kufanya Goethe-Institut, kituo cha lugha ya Kijerumani, Dar. Viza unaombea ubalozi wa Ujerumani Dar, ada euro 75. Hakuna ajenti humo katikati.

Mpishi_Njiro

Kaka umenifungua macho, hiyo hesabu ya pointi sikuwahi kuiona ikikokotolewa. Swali, B1 inachukua muda gani kwa mtu anayeanza sifuri na yupo porini? Na familia je, mke na watoto wanaweza kuja?

Sanawari_Guide

Ukisoma kila siku bila kuruka hesabu karibu mwaka. Ukisoma kama wanavyosoma wengi, yaani wiki ya kwanza kwa moto halafu gruppu linabaki la kutumiana salamu za asubuhi, haifiki kamwe. Wewe una bahati moja, Aprili na Mei upo mjini huna kazi, hiyo ndio miezi ya kukaa darasani asubuhi mpaka jioni. Na wageni wa Kijerumani mnao hapo kampu, kila jioni unatoka jikoni kueleza menyu, ieleze kwa Kijerumani hata kama unakosea, watakusahihisha kwa furaha.

Familia sitakupamba. Kwa mshahara wa Ausbildung ni ngumu sana, wanataka uonyeshe kipato na nyumba ya kuwatosha. Kwenye Chancenkarte ndio usahau kabisa. Wengi wanakwenda peke yao wanawachukua wakishamaliza.

Meku_wa_Doha

Na Ghuba vile vile, mshahara wa jikoni haufiki kile kiwango wanachotaka ulete familia. Kaeni na mkeo mezani mliongee hilo kabla ya Kijerumani.

Nesi_Rau

Samahani kudandia uzi. Mimi ni nesi hapa Moshi, diploma, nimesajiliwa na baraza la wauguzi. Kuna dada anakusanya manesi kwenda Uingereza kama wahudumu wa wazee, anasema nafasi 40, kila mtu 7M, na kwamba kwa diploma yangu nitapita haraka. Ni kweli hiyo viza ipo?

Dada_Makaratasi

Dada yangu hiyo imefungwa. Uingereza waliacha kupokea maombi mapya ya wahudumu wa wazee kutoka nje tarehe 22 Julai 2025, na hata kabla ya hapo toka Machi 2024 walikuwa hawaruhusiwi kwenda na familia. Anayekuuzia leo anakuuzia mlango uliopigwa matofali.

Unesi wenyewe bado upo, ila ni safari tofauti kabisa na hiyo. Unasajiliwa na baraza lao, NMC, unaonyesha Kiingereza kwa IELTS, 7 kwenye kusikiliza, kusoma na kuongea na 6.5 kuandika, au unafanya OET ambayo ni ya watu wa afya na manesi wengi wanaiona rahisi zaidi kwa sababu ni mambo ya wodini. Kuna mtihani wa kompyuta unafanya ukiwa huku, na wa vitendo unafanyia kule. Halafu hospitali yenye leseni ya kudhamini inakupa cheti cha udhamini. Orodha ya waajiri wenye leseni ipo wazi kwenye tovuti ya serikali yao, mtu yeyote anaipakua anatafuta jina. Cheti cha udhamini hakiuzwi, anayekuuzia mnavunja sheria wote wawili.

Na kuna jambo wengi hawalijui. Tanzania ipo kwenye ile orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2023 ya nchi zenye upungufu wa wahudumu wa afya. Kwa hiyo Uingereza wanakataza waajiri na mawakala wao kuja kuwakusanya manesi huku. Wewe binafsi huzuiwi, ukiona tangazo la hospitali mwenyewe ukaomba ni haki yako. Ila mtu anayepita mawodini kukusanya 40 kwa pamoja tayari yuko nje ya mstari. Ujerumani nao wana katazo kama hilo kwa mawakala binafsi.

Nesi_Rau

Aisee. Tulishaanza kuchangishana. Nawaambia wenzangu usiku huu huu.

Kibo_Peak

Kwani lazima Ulaya? Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tumekaa nayo hapa Arusha, itifaki ya soko la pamoja ipo toka Julai 2010, si mtu aende Kigali au Nairobi?

Dada_Makaratasi

Inawezekana na wapo. Kibali cha kazi bado unahitaji na mkataba wa mwajiri ndio unaanza nao, kipimo kile kile. Kwa mpishi wa hoteli sio wazo baya, nyumbani unarudi kwa basi.

Arif_wa_Kijenge

Na Marekani? Mimi kila mwaka nacheza bahati nasibu ya Green Card 😅

Dada_Makaratasi

Kompyuta ndio inachagua, hakuna wa kukuongezea nafasi, na Marekani kwa sasa wamebana kila upande. 2025 walituweka kwenye nchi ambazo hata mtu wa matembezi anaweza kuambiwa aweke dhamana ya dola 5,000 mpaka 15,000. Usipange maisha juu yake.

Mpishi_Njiro

Nimeongea na mama watoto. Amesema bora miaka mitatu yenye mwisho kuliko Dubai isiyojulikana, so naanza Kijerumani, na hizo hoteli kubwa za Ghuba nitaomba huku nasoma, ikija ofa nzuri nitaileta hapa mnisomee. Yule mzee Mholanzi nimwambieje sasa, ameshanitumia ujumbe anauliza barua aandike lini?

Sanawari_Guide

Mwambie ukweli kwamba mwaliko hautakusaidia kazi, na umuombe kitu kingine. Waholanzi wengi wanaongea Kijerumani na wapo jirani, anaweza kukusomea barua zako za maombi na CV kabla hujatuma, Wajerumani wana namna yao ya kuandika hizo karatasi na wakiona makosa wanaweka pembeni. Hiyo ni thamani kubwa kuliko barua.

Meku_wa_Doha

Pasipoti anza sasa. 150,000, fomu unajaza mtandaoni, unapeleka Uhamiaji mkoani na NIDA na cheti cha kuzaliwa. Usisubiri ofa ije ndio uanze kukimbia.

Mpishi_Njiro

Hapo pana kitu. NIDA na cheti cha kuzaliwa wameandika Emanuel, cheti cha VETA Emmanuel yenye m mbili, na la ukoo kwenye cheti cha form four limekatwa herufi ya mwisho. Itasumbua?

Dada_Makaratasi

Sana, kaka. Hapa nyumbani watakuelewa, ubalozini wanaona watu watatu. Usiombe pasipoti kabla hujaamua jina moja, maana hilo la pasipoti ndio vyote vingine vitalifuata. Kama NIDA na cheti cha kuzaliwa vinafanana basi shika hilo la m moja, kisha uende VETA na baraza la mitihani uulize kama wanarekebisha, wakigoma wakili akuandikie kiapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, na uulize kwake kama kwa kesi yako itabidi hati ya jina isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Barua za waajiri wako wa zamani nazo wakikuandikia upya waandike jina hilo hilo. Ya Tarangire una mawasiliano nao bado?

Mpishi_Njiro

Meneja alihama, ila mhasibu yupo ofisi ya hapa mjini. Jumatatu naenda.